Baridi Haiingii Mlangoni: Safari ya Dhana ya Joto kutoka Geneva hadi Magamba

Makala haya yanahusu swali ambalo kwa haraka linaweza kuonekana la kitoto. Ukiweka kitu cha moto karibu na kitu cha baridi, ni nini hasa kinachohama, na kinatoka wapi kwenda wapi? Msomaji anaweza kutushangaa na kuuliza, Idara ya Kiswahili na fizikia wapi na wapi? Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara kama lugha hii inaweza kubeba sayansi. Aghalabu sisi walimu wa lugha hujibu kwa kutoa orodha ya istilahi. Tunadhani orodha haitoshi. Historia ya elimu ya joto ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliokuwa wakigombana na maneno yao wenyewe, na katika ugomvi huo Afrika Mashariki ina mahali pake.

Tuanze nyumbani. Mswahili akiona mlango uko wazi wakati wa kipupwe husema funga mlango, baridi inaingia. Ni nadra kumsikia mtu akisema funga mlango, joto linatoka. Mganda naye husema kwamba empewo inamuuma, na neno hilo hilo kwake ni baridi na ni upepo. Wanyarwanda na Warundi wana imbeho, ambayo nayo huuma. Kwa wote hawa baridi ni kitu kinachotenda: huingia, huuma, hupiga, humshika mtu. Wanafunzi wetu wanaotoka nyanda za juu za Kabale hawana shaka hata kidogo juu ya jambo hili, na anayelala huko bila blanketi la pili atawaunga mkono.

Ukitazama asili ya maneno yenyewe utaona jambo la kupendeza. Joto, moto, na kitenzi kuota kama katika kuota moto, yote yanatokana na mzizi mmoja wa Kibantu; Waganda na Wanyarwanda nao huota moto kwa kitenzi cha ukoo huo huo. Baridi, kwa upande mwingine, ni neno la Kiarabu. Si kwamba Waswahili hawakujua ubaridi kabla ya Waarabu, la hasha. Walikuwa na zizima na poa. Poa, ambalo Waganda wanalo kama wola, ni kitenzi kinachostahili kutazamwa kwa makini. Tukisema chai imepoa, tumesema kwamba chai imebadilika, lakini hatukusema ni nini kilichoitoka wala kilikokwenda. Ni kitenzi chenye adabu, hakimsingizii mtu. (Vijana wa mijini wamelifanya poa kuwa sifa ya kila kilicho kizuri, jambo ambalo haliwezi kushangaza katika nchi za jua kali.)

Wazungu nao walisema kama sisi. Wanachuo wa Florence, katika ripoti ya majaribio yao iliyochapishwa mwaka 1667, walieleza jinsi walivyoweka barafu ya uzito wa ratili 500 mbele ya kioo kilichobonyea, na kipimajoto mahali ambapo kioo hukusanya miale. Kipimajoto kilishuka. Je, kioo kilikuwa kimekusanya miale ya baridi? Hawakuthubutu kusema ndiyo. Miaka 75 baadaye, mwaka 1742, Anders Celsius wa Uswidi alipotoa kipimo chake maarufu, aliweka sifuri mahali maji yanapochemka na 100 mahali yanapoganda. Yaani namba iliongezeka kadiri ubaridi ulivyozidi. Kipimo kiligeuzwa baadaye kuwa kama tukijuavyo leo, ila kwa muda mfupi kipimo cha kisayansi barani Ulaya kilikuwa kikihesabu baridi, kama mtu wa Kabale.

Jaribio lililoleta mgogoro halisi lilifanywa Geneva na Marc-Auguste Pictet, naye akalichapisha mwaka 1790. Alichukua sahani mbili za chuma zilizong'arishwa na kubonyezwa mfano wa karai, akazitenga kwa umbali wa hatua kadhaa zikitazamana. Kwenye kitovu cha moja aliweka kipimajoto; kwenye kitovu cha nyingine aliweka chupa iliyojaa theluji. Mara kipimajoto kikaanza kushuka. Alipomwaga tindikali juu ya theluji ili izidi kuwa baridi, kipimajoto kikashuka zaidi. Hapakuwa na upepo wala kugusana. Kwa jicho la kawaida, baridi ilikuwa imeruka kutoka kwenye chupa, ikapiga sahani ya kwanza, ikarudishwa hadi ya pili, na kuangukia kipimajoto.

Jibu lilitoka katika mji huo huo mwaka uliofuata, kwa Pierre Prévost. Alisema kwamba kila kitu, kiwe cha moto au cha baridi, hutoa miale ya joto wakati wote, na wakati wote hupokea miale ya vingine. Theluji haikai kimya. Nayo hutoa joto lake, ila kidogo. Kipimajoto cha Pictet kilikuwa kikitoa joto jingi kuelekea kwenye theluji na kupokea kidogo, kikafilisika. Tuchukue mfano wa wafanyabiashara wawili wa mpakani pale Busia. Wote wawili wanauziana kila siku, hakuna aliyefunga duka. Lakini mmoja akituma magunia kumi na kurudishiwa matatu, jioni ghala lake litakuwa limepungua, hata kama mwenzake hakuja kumwibia. Vitu viwili vikilingana kwa umoto, biashara haisimami. Kinachosimama ni faida na hasara.

Hoja hii ya Prévost ndiyo inayofundishwa hadi leo, na sisi tunaona kuwa ni miongoni mwa sentensi ngumu kuliko zote kuzitafsiri katika somo zima la joto. Vitabu vyetu husema joto huhama kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi. Ni kweli kwa hesabu ya mwisho. Lakini ukweli wa undani ni kwamba kwa njia ya miale linakwenda na kurudi, na hiyo hesabu ya mwisho tu ndiyo yenye mwelekeo mmoja. Si kila mtu alikubali. Benjamin Thompson, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, aliendelea kushikilia hata mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba vitu vya baridi hutoa miale ya kupoza.

Hapa yafaa tumtaje Joseph Black, mhadhiri wa Glasgow na baadaye Edinburgh, kwa sababu yeye ndiye aliyetenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi wetu wangali wakiyachanganya: kiasi cha joto na ukali wake. Sindano iliyopashwa moto hadi ikawa nyekundu ina ukali mkubwa kuliko sufuria ya maji ya uvuguvugu, lakini itumbukize katika ndoo uone kama ndoo itajali. Kiswahili kimekwisha kuitenga tofauti hii: joto kwa kiasi, na halijoto au jotoridi kwa ukali. Wengine huona jotoridi ni neno la kubandikabandika, kwa kuwa limeunganisha joto na mkia wa baridi. Sisi tunalipenda. Linasema wazi kwamba moto na baridi ni ncha mbili za kipimo kimoja, jambo ambalo Celsius mwenyewe alihitaji kugeuziwa namba ili lionekane.

Black pia aliona, mnamo mwaka 1761, kwamba barafu inayoyeyuka humeza joto jingi bila halijoto yake kupanda hata kidogo, na ndivyo yalivyo maji yanayogeuka mvuke. Akaliita joto hilo kuwa limefichika. Bibi zetu hawakumsoma Black, lakini walilitumia joto hilo lililofichika kila siku katika mtungi wa udongo. Maji hupenya vinyweleo vya udongo yakafika nje, yakakauka. Kukauka kwake hudai joto, na joto hilo hutolewa na maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje, kama tulivyoona katika baadhi ya hoteli zinazotaka kupendeza watalii, haupozi kitu.

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Antoine Lavoisier wa Ufaransa, katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789, aliliorodhesha joto pamoja na elementi, likiwa kimiminika kisicho na uzito kinachotiririka kutoka kitu kimoja hadi kingine. Rumford, akisimamia kutobolewa kwa mizinga mjini Munich, alionyesha mwaka 1798 kwamba msuguano pekee uliweza kuchemsha maji kwa muda wa saa mbili na nusu, na kwamba joto liliendelea kutoka bila kwisha maadamu farasi walizidi kuzungusha mtambo. Kitu kisichokwisha kwa kutolewa, alisema, hakiwezi kuwa kimiminika. (Mwaka 1805 alimwoa mjane wa Lavoisier. Ndoa hiyo haikuwa na amani, na hatudhani sababu ilikuwa fizikia.) Katika miaka ya 1840 James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Uingereza, alipima ni kazi kiasi gani huleta joto kiasi gani. Mwaka 1850 Rudolf Clausius wa Ujerumani alitia mhuri: joto haliwezi kwenda lenyewe kutoka kwenye kitu cha baridi hadi kwenye cha moto. Neno la maana hapo ni lenyewe. Friji hulihamisha joto kinyume na mkondo huo, lakini kwa kulipa umeme. Weka mkono nyuma ya friji utalikuta joto lililotolewa ndani.

Ajabu ni kwamba kimiminika cha Lavoisier kilikufa katika maabara lakini kikabaki katika lugha. Wazungu mpaka leo husema joto linatiririka, na wafasiri wetu wametufuatishia mtiririko wa joto. Hatuoni dhambi kubwa hapo, mradi mwalimu awaambie wanafunzi kwamba hicho kinachotiririka si kitu cha kukingwa kwa kikombe.

Sasa twende kwenye friji nyingine. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakaachwa yapoe, ndipo yakawekwa kwenye friji ya shule, ambayo nafasi zake zilikuwa za kugombaniwa. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake alipomwona mwenzake akitia sukari katika maziwa yasiyochemshwa na kuyakimbiza kwenye friji. Mpemba akaona kwamba akisubiri yake yapoe atakosa chombo cha mwisho. Akayaweka yakiwa moto, huku akijua anahatarisha friji. Waliporudi baada ya saa moja na nusu hivi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado rojorojo.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaamini, kama wanafunzi wanavyoamini. Baadaye, akiwa likizoni Tanga, alimkuta rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini, naye akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Yaani wauzaji wa aiskrimu wa Tanga walikuwa wakilijua jambo hilo na kulitumia. Kwao halikuwa swali.

Mpemba alipofaulu kwenda Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, somo la joto lilianza na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Kanuni hiyo, iliyotolewa mwaka 1701, husema kwamba kitu hupoa kwa kasi inayolingana na tofauti ya halijoto kati yake na mazingira. Msomaji atambue kwamba mwalimu hapa hakuwa mjinga. Kwa kanuni hiyo kitu cha moto hupoa kwa kasi zaidi mwanzoni, lakini lazima kifike kwanza mahali ambapo kile cha uvuguvugu kilianzia safari, na wakati huo mwenzake amekwisha kwenda mbele. Aliyetoka Jinja hawezi kumtangulia aliyetoka Mukono kufika Kampala, ikiwa kila mmoja atakapofika Mukono ataenda mwendo ule ule. Hoja haina kasoro ukikubali kwamba halijoto ndiyo habari yote ya kitu. Mpemba alipouliza tena habari ya maziwa yake, mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo darasa likapata utani. Kila alipokosea hesabu, waliita hesabu ya Mpemba.

Kisha Dr. Denis Osborne, wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam wakati huo, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama. Tunawaomba wasomaji watazame jinsi alivyouliza safari hii. Maziwa, sukari na mwenzake hawakuwamo tena katika swali. Aliuliza kuhusu vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, vikawekwa kwenye friji: kwa nini cha nyuzi 100 kitangulie kuganda? Kati ya Magamba na Iringa kijana huyu alikuwa amejifunza kulivika swali lake mavazi ambayo bwana mkubwa hawezi kuyafukuza mlangoni. Darasa lilicheka hata hivyo. Baadhi ya wenzake walimlaumu baadaye kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne hakucheka, wala hakukubali. Aliahidi kujaribu. Alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Huko Dar es Salaam alimpa kazi fundi wa maabara, naye fundi akaja na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba watarudia jaribio hadi wapate jibu lililo sahihi. Tunampenda sana fundi huyu, ambaye historia haikumhifadhi jina. Majaribio yaliyofuata yalitumia maji ya sentimita za ujazo 70 katika bilauri za maabara, na yaliyoanza kwenye nyuzi 25 hivi ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Ya nyuzi 90 yaliwahi mapema zaidi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo kilichoko karibu na Moshi, na utumishi wake baadaye ulikuwa katika idara ya wanyamapori.

Wenye kumbukumbu walifukua mengine. Aristotle alikuwa ametaja wavuvi wa Pontus waliomwagia maji ya moto matete yao juu ya barafu ili yashike upesi. Francis Bacon alilitaja jambo hilo mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Baada ya Clausius na wenzake kuijenga nyumba yao nzuri, jambo hili likakosa chumba. Halikukanushwa, lilikoma tu kutajwa vitabuni, likabaki kwa watu wa barafu na aiskrimu.

Je, ni kweli? Hapa hatutaki kumdanganya msomaji kwa ajili ya fahari ya kikanda. Sababu zilizotolewa ni nyingi: maji ya moto hupungua kwa kufuka mvuke, chombo cha moto huyeyusha jalidi ya friji chini yake kikapata kugusana vizuri, hewa iliyomo ndani ya maji hutoka yanapochemka, mzunguko ndani ya maji huendelea kwa nguvu zaidi, na maji mengine hupita chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kueleza jambo hilo, ikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walitangaza kwamba katika majaribio yao hawakuliona tokeo hilo, na kwamba kukisogeza kipimajoto kidogo tu juu au chini ndani ya chombo kulitosha kuleta jibu la uongo. Kwa upande wa maji, basi, kesi haijafungwa.

Lakini mwaka 2017 Lu na Raz walionyesha kwa hesabu kwamba kitu kinachopoa ghafla hakielezeki kwa namba moja ya halijoto. Kina njia nyingi za kushuka, na cha moto zaidi kinaweza kuangukia njia fupi ambayo cha uvuguvugu hakuipata. Mtu wa Jinja, kumbe, anaweza kufika Mukono akiwa kwenye barabara nyingine. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada waliliona jambo hilo kwa chembe moja ndogo ndani ya maji iliyodhibitiwa kwa mwanga wa leza, wakalirudia mara nyingi bila utata. Makala yao yalitoka katika jarida la Nature, yakilitaja tokeo kwa jina la kijana wa Magamba.

Limebaki suala la istilahi, ambalo ni letu. Wengi huandika athari ya Mpemba. Athari kwa msomaji wa kawaida hunuka madhara, kama athari za ukame au za pombe. Tokeo lingefaa zaidi. Na Mpemba kwa Kiswahili ni mtu wa kisiwa cha Pemba. Tuliwahi kumsikia mwanafunzi akieleza kwa kujiamini kwamba wavuvi wa Pemba ndio waliogundua jambo hili. Kwa hiyo tunapendekeza tokeo la Erasto Mpemba, jina la kwanza lisikatwe, hata kama mchapaji atalalamika kwamba kichwa cha sura hakitoshi katika mstari mmoja.